Makro haikatai picha: kuchanganua picha za hadubini kwa mkupuo

Anayehesabu viini vya seli kwa macho huchoka, na uchovu wake unaonekana: anasita, anarudia, anaweka alama ya kuuliza kando ya nambari. Makro, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe, haiweki alama ya kuuliza. Ipe picha ya kisima (kitundu cha sahani ya maabara) kisicho na seli hata moja, itahesabu. Ipe picha iliyopoteza kipimo chake, itapima. Ipe iliyotoka nje ya fokasi, itakuandikia eneo la kila kiini hadi tarakimu nne baada ya nukta. Ndiyo maana katika kazi hii kuandika amri ni sehemu ndogo. Kinachokula siku ni kuupanga mtiririko ili jambo likiharibika lijitangaze lenyewe.

Chukua jaribio la kawaida la kupima dawa kwenye seli: sahani ya visima 96, maeneo 9 kwa kila kisima, chaneli 4 (picha moja kwa kila rangi ya mwanga). Hizo ni faili 3,456. Kamera ikiwa ya pikseli 2048 kwa 2048 na kila pikseli ikihifadhiwa kwa biti 16, faili moja ni takriban megabaiti 8.4 na sahani nzima ni karibu gigabaiti 29. Hakuna atakayezifungua moja moja. Mifano mingi hapa ni ya Fiji, kifurushi kilichojengwa juu ya ImageJ, programu ambayo Wayne Rasband alianza kuitengeneza mwaka 1997 katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Ukitumia CellProfiler, programu nyingine ya kuchanganua picha za seli, majina ya amri yatabadilika, lakini mitego ni ile ile.

Mengi huamuliwa kwenye hadubini

Muda wa kuangaza kamera upangwe kwa kisima kinachong'aa kuliko vyote, kisha usiguswe mpaka sahani iishe. Kamera ya biti 12 ina kikomo cha 4095, ya biti 16 kikomo chake ni 65535. Pikseli ikifika kikomo, mwanga wowote wa ziada haurekodiwi, na hakuna programu itakayourudisha. Weka kwenye makro mstari unaohesabu asilimia ya pikseli zilizofika kikomo katika kila picha. Ukivuka sehemu ndogo ya asilimia moja ndani ya viini, kipimo cha mwanga cha kisima hicho si cha kuaminika, hata kama idadi ya viini ni sahihi.

Hifadhi faili asili za hadubini au TIFF. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mipaka ya vipande hivyo huja kuonekana kama kingo za kitu baada ya kuchuja. Majina ya faili nayo yawe na sifuri za mbele: `B03_s02`, si `B3_s2`. Kompyuta ikipanga majina kama maandishi, 10 hutangulia 2, na anayeunganisha jedwali la picha na jedwali la dawa kwa kufuata mpangilio tu ataipa kila dawa matokeo ya jirani yake.

Kwa picha za matabaka, idadi ya matabaka iwe ile ile kila mahali. Muunganiko unaochukua thamani ya juu kabisa huzidi kung'aa kadiri matabaka yanavyoongezeka, maana kila tabaka ni nafasi nyingine ya chenga za kamera (mabadiliko ya nasibu ya thamani za pikseli) kushinda. Ukitaka kupima kiasi cha mwanga, jumlisha matabaka. Ule wa thamani ya juu waachie umbo na hesabu.

Ukubwa wa pikseli

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa pikseli ya kamera kwa ukuzaji wote ulio njiani. Pikseli ya mikromita 6.5 nyuma ya lenzi ya 20x inatoa mikromita 0.325. Ukiunganisha pikseli mbili kwa mbili wakati wa kupiga picha, inakuwa 0.65. Ukiweka adapta ya 0.63x kati ya hadubini na kamera bila kuunganisha pikseli, inakuwa 0.516. Kiini cha duara chenye kipenyo cha mikromita 10 kina eneo la mikromita za mraba 78.5, kwa 0.325 hizo ni pikseli 743 hivi, kwa 0.65 ni 186.

Sasa angalia mtego. Amri ya `Analyze Particles` husoma mipaka ya eneo kwa kipimo kilichomo ndani ya picha. Ukiandika `size=30-400`, picha yenye kipimo itaelewa mikromita za mraba. Picha iliyopitia programu nyingine ikahifadhiwa upya bila kipimo itaelewa pikseli. Viini vyote halali vyenye pikseli 700 na zaidi vinatupwa, na vumbi lenye pikseli 50 linapita. Jedwali linajaa vizuri tu. Kwa hiyo mstari wa kwanza baada ya kufungua picha uwe `getPixelSize(kipimo, pw, ph)`, na `pw` ikitofautiana na thamani unayoitarajia kwa zaidi ya asilimia 1, faili iandikwe kwenye orodha ya walioachwa na isichakatwe. Usiamini jina la kipimo peke yake, angalia nambari.

Tukiwa hapo hapo kwenye vipimo: `Subtract Background`, amri ya kuondoa mwanga wa mandharinyuma, haijali mikromita. Nusu kipenyo chake ni pikseli siku zote. Isiwe ndogo kuliko nusu kipenyo cha kitu kikubwa unachokitafuta, la sivyo inakula katikati ya kiini na kukuachia pete. Kiini cha mikromita 10 kwa 0.325 kina nusu kipenyo cha pikseli 15, basi 50 ni mahali salama pa kuanzia. Na hata ikifanya kazi vizuri, itumie kwenye nakala ya kutengea viini tu, kwa sababu inabadilisha thamani za mwanga kwa namna isiyo sawa kati ya kitu kikubwa na kidogo.

Kwa nakala ya kupimia, njia safi ni kurekebisha mwanga usio sawa. Piga picha ya eneo tupu linalong'aa sawasawa kwa lenzi na chujio lile lile, na nyingine taa ikiwa imefungwa. Toa picha ya giza kutoka kwenye zote mbili, gawa picha yako kwa ile ya eneo tupu, kisha zidisha kwa wastani wa ile ya eneo tupu. Hesabu ifanyike kwa biti 32. Ukigawa katika biti 16, desimali zote zinakatwa na picha inabaki na ngazi chache za kijivu.

Kosa jingine la kimya ni kugeuza picha kutoka biti 16 kwenda biti 8. ImageJ hutumia mipaka ya mwonekano iliyopo wakati huo, na mara nyingi mipaka hiyo imewekwa kwa kufuata pikseli nyeusi na angavu kabisa za picha yenyewe. Kisima cha ulinganisho kilichofifia kinatandazwa hadi 255 sawa na kile kilichopata dawa, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta inafutika kabla hujapima chochote. Vizingiti, yaani thamani za mwanga zinazotenga kitu na mandharinyuma, hufanya kazi kwenye biti 16 bila shida, kwa hiyo usigeuze. Ikibidi, tangulia na `setMinAndMax` yenye nambari zile zile kwa sahani yote. Kuongeza mwonekano kwa chaguo la kusawazisha thamani kuna dhambi ile ile.

Kizingiti

Hapa ndipo wengi hupotea, na inafaa kukaa kidogo.

Njia ya Otsu, ya mwaka 1979, hugawa pikseli katika makundi mawili ili tofauti ndani ya kila kundi iwe ndogo iwezekanavyo. Haiulizi kama makundi mawili yapo kweli. Kwenye kisima kitupu inagawa chenga za kamera, na baada ya kuchuja kwa ukubwa unaweza kubaki na makumi ya "viini". Kama dawa yako inaua seli, kisima kilichoua zote ndicho kitakachoonyesha hesabu ya ajabu, yaani kosa linaangukia hasa kwenye kundi ulilotaka kulithibitisha.

Suluhisho lake ni sakafu, yaani thamani ya chini kabisa inayokubalika kwa kizingiti. Pima visima visivyo na seli: chukua wastani wa mandharinyuma na mkengeuko sanifu wake. Makro ikishapata kizingiti, kisome kwa `getThreshold(chini, juu)`. Ikiwa `chini` haijafika wastani huo pamoja na mikengeuko mitano, picha ihesabiwe kuwa tupu na iandikwe sifuri. Tano si nambari takatifu. Ijaribu kwenye visima unavyovijua, uisogeze, kisha uifunge.

Seli zikiwa chache sana, mandharinyuma huteka histogramu na kizingiti cha Otsu huyumba. Njia ya pembetatu, inayoitwa `Triangle` kwenye menyu, huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, na `Li` hushika viini vilivyofifia ambavyo Otsu huviacha. Kiongezi cha `Auto Threshold` huonyesha njia zote kwa pamoja kwenye picha moja. Chagua kwa kutazama picha mbaya: kisima chenye seli zilizosongamana, kisima karibu kitupu, kona yenye giza, kisima chenye vumbi. Picha nzuri ya mfano hukubaliana na karibu kila njia, haikufundishi kitu.

Swali la kizingiti cha kila picha au kimoja kwa zote halina jibu moja. Kwa kuchora mipaka ya viini vilivyotiwa DAPI, rangi inayoshika DNA, cha kila picha chenye sakafu kinafaa, kwa kuwa rangi hupungua kidogo kutoka kisima hadi kisima. Kwa kusema seli hii ina protini au haina, kizingiti kiwe kimoja, kitoke kwenye visima visivyotiwa kingamwili ya kwanza, na kisibadilike. Na usitenge kitu kwa chaneli ile ile unayopima mwanga wake. Kitu kinachong'aa zaidi huonekana kikubwa zaidi, eneo na mwanga vinashikana, na huwezi tena kujua kipi kimebadilika. Tenga kwa DAPI, kisha peleka mipaka hiyo kwenye chaneli ya protini.

Baada ya kizingiti, mpangilio una maana. Kabla yake laini picha kwa Gauss ya pikseli 1 hadi 2, ili kingo zisiwe na meno. Baada yake geuza kuwa kinyago, yaani picha ya nyeusi na nyeupe tu, jaza mashimo, kisha ndipo uite `Watershed` kutenganisha viini vilivyogusana. Ukisahau mashimo, amri hiyo inalichukulia kila shimo kama mpaka na kukikata kiini kimoja vipande vitatu. Hata ikifuata utaratibu, hukata viini vyenye umbo la maharagwe katikati. Kama seli zako ni ndefu kwa asili, afadhali uvumilie jozi chache zilizogandana kuliko kukata nusu ya viini vizima. Halafu kuna mpangilio wa mandharinyuma nyeusi au nyeupe, ambao Fiji huukumbuka kwa kila kompyuta. Makro iliyofanya kazi mezani kwako inaweza kujaza mashimo ya mandharinyuma kwenye kompyuta ya mwenzako. Uandike wazi mwanzoni mwa makro.

Kuhusu viini vilivyokatwa na ukingo wa picha: kwa wastani wa mwanga, vitupe. Kwa msongamano wa seli kwa eneo, kuvitupa kwenye kingo zote nne kunapunguza hesabu, na kunapunguza zaidi vitu vikubwa. Hesabu vinavyogusa juu na kushoto, acha vya chini na kulia.

Mifupa ya makro

```
setOption("BlackBackground", true);
setBatchMode(true);
ingizo = getDirectory("Folda ya picha");
tokeo = getDirectory("Folda ya matokeo");
orodha = getFileList(ingizo);
Array.sort(orodha);
for (i = 0; i < orodha.length; i++) {
  jina = orodha[i];
  if (endsWith(jina, "_w1.tif") && !File.exists(tokeo + jina + ".csv")) {
    chakata(ingizo, tokeo, jina);
    run("Close All");
    run("Clear Results");
  }
}
```

Kazi ya `chakata` unaiandika wewe, kwa hatua zilizotajwa juu. Yaliyobaki yana sababu zake. `endsWith` inazuia faili za mfumo kama `Thumbs.db` zisifunguliwe kama picha, na inachagua chaneli ya kwanza tu. Hakikisha lakini kwamba `w1` ni DAPI katika kila sahani, kwani hubadilika mtu akipanga upya chaneli wakati wa kupiga. Folda ya matokeo isiwe ndani ya folda ya picha, wala isiwe hiyo hiyo. Ikiwa hivyo, vinyago vya jana vitakuwa picha za leo.

`File.exists` ipo kwa sababu lugha ya makro ya ImageJ haina namna ya kudaka kosa. Faili moja iliyonakiliwa nusu inasimamisha kila kitu, kwa kawaida usiku. Kila picha ikiandika jedwali lake, unaondoa faili mbovu, unaanzisha tena, na makro inaendelea pale ilipoishia. Anayehifadhi jedwali moja kubwa mwishoni anaanza upya. Ukihitaji kudaka makosa kwa kweli, hamia Jython, aina ya lugha ya Python, ndani ya Fiji hiyo hiyo, yenye `try` na `except`.

`setBatchMode(true)` inaficha madirisha na kuongeza kasi sana, lakini picha zilizofichwa bado zinakaa kwenye kumbukumbu, ndiyo maana `Close All` iko ndani ya mzunguko. Kinasa amri ni mwalimu mzuri wa kuanzia, ila huandika `selectWindow` na jina la picha uliyokuwa nayo siku hiyo, na makro inakwama kwenye picha ya pili. Badilisha utumie `getImageID` na `selectImage`. Njia zenye nafasi ndani ya jina la folda zifungwe kwa mabano ya mraba zinapoingia kwenye `run`.

Kwa CellProfiler, kipenyo cha kitu unaandika kwa pikseli, na thamani za mwanga hupunguzwa kuwa kati ya 0 na 1. Picha ya biti 12 iliyohifadhiwa kwenye faili ya biti 16 haitazidi 0.0625 kwa sababu 4095 inagawanywa kwa 65535. Si kosa, lakini vizingiti vya mkono ulivyovizoea havitafanya kazi, na kuchanganya picha za kamera mbili katika mkupuo mmoja kutakupa tofauti ya mara kumi na sita isiyotokana na seli.

Jedwali na ukaguzi

Picha isiyo na kiini haitoi mstari. Maeneo 9, matatu matupu, sita yenye viini 40 kila moja: wastani wa kweli ni 26.7, jedwali litasema 40. Makro lazima iandike mstari wa sifuri. Zaidi ya hesabu, kila mstari ubebe jina la faili, kisima, eneo, kizingiti kilichotumika, ukubwa wa pikseli, wastani wa mandharinyuma, asilimia ya pikseli zilizofika kikomo, na kipimo fulani cha ukali wa picha. Safu hizi ndizo zinazopiga kelele. Chora kizingiti kwa mpangilio wa kupiga picha: kikishuka polepole kuanzia kisima cha kwanza hadi cha mwisho, taa inapoa au rangi inaungua. Kikiruka ghafla safu ya 7, uliza nani aligusa nini.

Usifungue jedwali hilo kwenye lahajedwali na kulihifadhi. Kisima kilichoandikwa 2E5 hugeuka 200000, na 3-5 hugeuka tarehe. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia 2020 jeni za binadamu kama SEPT1 zilishabadilishwa majina.

Kila picha itoe pia nakala ndogo yenye mipaka ya viini juu yake. Zitazame kumi zenye hesabu ya juu kabisa, kumi za chini kabisa, kumi zenye kizingiti cha pembeni, na thelathini za bahati nasibu. Nasibu peke yake haitoshi, kwani faili chache mbovu katika elfu tatu hazitajitokeza. Kisha mtu ahesabu picha 20 hadi 30 kwa mkono bila kuona nambari za makro wala jina la dawa, na mlinganishe picha kwa picha. Uwiano mzuri kati ya hesabu mbili si ushahidi wa kutosha. Makro ikikosa asilimia 10 kila mahali, ulinganisho wa makundi unasalimika. Ikikosa 5 kwenye visima vyepesi na 25 kwenye vilivyosongamana, umepima msongamano.

Msongamano ukishinda `Watershed`, ndipo StarDist au Cellpose, programu zinazotumia modeli zilizofunzwa kwa picha, zinapofaa. Zinatenganisha viini vilivyogusana kwa ustadi ambao kizingiti hakiwezi. Nazo hazikatai picha. Modeli ya seli ya awali ya Cellpose ilifunzwa kwa seli za kipenyo cha pikseli 30 hivi, kwa hiyo kipenyo unachokiingiza huamua picha ikuzwe au ipunguzwe kiasi gani. Kosa la ukubwa wa pikseli linarudi kwa mlango mwingine. Ukaguzi ni ule ule.

Na kama ni picha 40 za mara moja, zichanganye majina na uzihesabu kwa mkono. Utamaliza kabla makro haijakaa sawa.

Mkupuo ukishapita, weka kwenye folda ya matokeo nakala ya makro iliyotumika, namba ya toleo inayotolewa na `getVersion`, na orodha ya faili zilizoachwa pamoja na sababu. Fiji ni folda moja isiyohitaji kusakinishwa. Inakili nzima kwa ajili ya mradi, zima masasisho kwenye nakala hiyo, na sahani ya mwisho ipite kwenye toleo lile lile lililochakata ya kwanza.